Nimepasuliwa busha, ukweni wanajua ni ngiri

Shikamoo Mama,

Naomba usiandike jina langu wala mtaa wangu. Andika tu niko Tanga, naendesha bodaboda, nina miaka 38, mke mmoja na watoto wawili.

Nimeishi na busha kwa miaka. Lilianza dogo nikalidharau, likakua mpaka suruali zangu zote nikazigawa, nikabaki na mbili pana. Kwenye pikipiki nilikuwa nakaa kiupande, na juu ya tangi nalaza sweta ili nikifunga breki nisijigonge na abiria asione kitu. Mama yangu anasema ni madafu, kwa sababu ujana wangu wote nilikuwa mkwezi. Mwaka huu ikaja kambi ya upasuaji wa mabusha kwenye hospitali moja huku kwetu, bure, nikajipa moyo nikaenda. Walinichoma ganzi ya mgongoni, sikusikia kitu. Kesho yake wakatoa kampira walichokiacha kwa ajili ya kuvuja damu, wakanipa vidonge na karatasi, nikarudi nyumbani kwa bajaji.

Sasa ni wiki ya tatu. Mshono kwa nje umefunga, nyuzi zimeanza kudondoka zenyewe. Lakini uvimbe upo. Mama, nikikuambia upo, upo. Si laini kama zamani, ni mgumu kama embe bichi. Asubuhi naona nafuu, jioni umekuwa mkubwa tena. Mimi naona busha limerudi. Karatasi ilisema nirudi kuangaliwa baada ya siku 7, sikwenda. Foleni ya kliniki ile inakaa barazani karibu na geti, na pale getini ndipo vijana wa kijiwe chetu wanaposhusha wagonjwa.

Maana hakuna anayejua. Kijiweni niliaga nakwenda shamba. Mwenye pikipiki nilimwambia malaria imenilaza. Mke wangu ni mtu wa Lushoto, na kwao nilimwambia aseme nimepasuliwa ngiri, kwa kuwa ngiri ni ya mwanamume anayefanya kazi nzito, haina aibu. Huko milimani busha wanalisikia kwenye utani wa kuwacheka watu wa pwani tu. Baba mkwe akijua, sijui atanitazama vipi.

Pikipiki ni ya mkataba, nimebakiza miezi mitano iwe yangu. Hesabu ni 8,000 kwa siku. Nimemwachia deiwaka, kijana si mbaya, lakini anakimbiza chombo na siku mbili hakuleta hesabu. Mwenye pikipiki amenipigia, ananiuliza ni malaria gani hii ya wiki tatu. Anasema Jumatatu niwe barabarani, la sivyo anampa mtu mwingine na mkataba unaanza upya. Ndani tunakula vitumbua vya mke wangu. Yumo kwenye kikoba, na kikoba chao kina mfuko wa jamii wa kusaidia wagonjwa, lakini nimemkataza asiombe, watauliza mumeo anaumwa nini.

Na Jumamosi mama mkwe anakuja kunijulia hali. Tumepanga vyumba viwili, choo ni cha uani cha kuchuchumaa, na mimi natembea miguu imeachana. Mke wangu anataka tumwambie mama yake ukweli, anasema amechoka kudanganya. Nimekataa, tumenuniana. Nimefikiria niende Pangani kwa kaka yangu mpaka mgeni aondoke. Lakini kaka naye ana busha, kubwa kuliko lilivyokuwa langu, na kambini alikataa kwenda akisema wakishakupasua uanaume umekwisha. Aliniambia anasubiri aone mimi nitatokaje. Nikimtokea na uvimbe huu si ndio nimemfungia njia?

Na hilo la uanaume lenyewe linanisumbua. Alfajiri mara mojamoja jogoo anawika, akiwika nyuzi zinavuta, nasikia maumivu. Kwa hiyo najikausha, nalala chini mkekani, mke yuko kitandani na mtoto mdogo. Hajaniuliza lolote, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitisha.

Mzee mmoja jirani amenishtukia. Amenielekeza kwa mtu wa Muheza anayenyonya maji kwa sindano, anasema ni kazi ya dakika tano, na mpaka nifike huko nijikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Nifanye nini?

Mpanda boda, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniletea mambo manne kwa mpigo: uvimbe usiopungua, pikipiki inayotaka kukuponyoka, mkwe aliye njiani, na kaka anayekutazama wewe ndipo aamue la kwake. Swali umeuliza moja tu, mwishoni, kana kwamba jibu nalo litakuwa moja. Sidhani. Nitaanza na lile linalokunyima usingizi zaidi.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanaume, kwa hiyo huna haja ya kutafuna maneno mbele yangu. Busha ni maji yaliyojikusanya ndani ya utando unaoizunguka korodani. Daktari alipokupasua aliyatoa maji hayo, kisha ule utando ama aliukata, ama aliugeuza ndani nje akaushona kwa nyuma, ili maji yasipate tena pa kukaa. Kazi hiyo inaacha jeraha kubwa ndani kuliko mshono mfupi unaouona wewe. Damu kidogo na majimaji hubaki, nyama huvimba na kukaza, na kwa kuwa sehemu yenyewe inaning'inia, ukishinda umesimama kila kitu kinateremkia huko. Ndiyo maana asubuhi unapata matumaini na jioni unayapoteza. Busha la miaka mingi utando wake huwa mnene, na uvimbe mgumu wa namna unayoieleza unaweza kuchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi miwili au mitatu, kabla ya kunywea. Busha linalorudi kwa kawaida lina tabia nyingine. Huja polepole, na huwa laini kwa sababu ni maji. Kwa hiyo umejihukumu mapema.

Lakini mimi nakusoma tu, sijakushika. Tofauti kati ya uvimbe wa kawaida, damu iliyoganda ndani na usaha unaojikusanya huonekana kwa mkono wa daktari. Nenda na karatasi yako hiyohiyo hata kama tarehe imepita. Na usisubiri siku ya kliniki ukiona uvimbe umekua ghafla, ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, mshono unatoa usaha au harufu, maumivu yanazidi badala ya kupungua, una homa na kutetemeka, au mkojo unakataa kutoka. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakubana. Hayo ni ya kwenda siku hiyohiyo, hata usiku.

Kuhusu mtu wa Muheza sitakuwa na upole. Kwanza, pengine hakuna maji ya kunyonya. Pili, sindano kwenye jeraha linalopona inaingiza vijidudu mahali ambapo walikuwa hawajafika, na inaweza kutoboa mshipa wa damu au korodani yenyewe. Hata kwa mtu ambaye hajapasuliwa, maji yakinyonywa hujaa tena, kwa sababu utando unaoyatengeneza umebaki palepale. Maji ya moto nayo huongeza damu mahali palipovimba, na ngozi ya karibu na mshono mara nyingi bado ina ganzi, unaweza kuungua usijue. Kinachosaidia ni cha kawaida sana, wala hakihitaji nauli: chupi ya kubana mchana na usiku ili ibebe uzito, taulo iliyokunjwa chini ya korodani ukilala, mshono ukae mkavu, na mwendo mfupimfupi ndani ya uwanja badala ya kulala kutwa. Chooni shida si kuchuchumaa, shida ni kujikamua. Kula papai na mboga za majani, maji unywe ya kutosha. Nimeona nyumba nyingi za kupanga wakichukua kiti cha plastiki, wakakitoboa katikati na kukisimamisha juu ya tundu la choo. Majirani watafikiri ni cha mgeni wenu wa Jumamosi, waache wafikiri.

Mama yako mwambie kwa heshima kwamba madafu hayana kosa. Mabusha mengi ya pwani yetu hutokana na minyoo midogo ya filaria inayoletwa na mbu, ileile inayoleta matende. Ndiyo maana kuna kingatiba, vidonge vya ivamektini na albendazoli ambavyo Tanzania ilianza kuvigawa kisiwani Mafia mwaka 2000 na Zanzibar ikafuata mwaka 2001. Vidonge hivyo havilitoi busha lililokwisha kuota, vinapunguza minyoo katika damu ili mbu wasiwe na cha kubeba kumpelekea mwingine. Wagawaji wakipita mtaani kwenu mmeze, wewe, mkeo na watoto wenye umri wa kumeza. Nakueleza haya kwa sababu umeandika kama mtu aliyefanya jambo la aibu. Uliumwa na mbu.

Sasa jogoo. Kuwika kwake alfajiri ni habari njema, hata kama kunauma. Upasuaji huu haugusi mishipa inayomsimamisha, na korodani zako umerudi nazo. Maumivu ni ya nyuzi na ngozi inayovutwa, yatapungua kadiri mshono unavyokomaa. Tendo la ndoa wengi huambiwa wasubiri wiki 4 hadi 6, na wewe daktari ndiye atakayekupa tarehe yako akishakuangalia. Lakini mkeo umemwambia hivyo? Barua yako inasema anajua ulichopasuliwa. Haisemi kama anajua kwa nini uko mkekani. Unaogopa kunyamaza kwake, na sijui kama umefikiri yeye anausoma vipi unyamavu wako. Mwanamke anayepika vitumbua alfajiri kulisha nyumba, anadanganya wazazi wake kwa ajili yako, halafu mume amehama kitanda bila neno, anaweza kudhani mengi, na mengi kati ya hayo ni mabaya kuliko ukweli. Pengine hata mambo ya mama yake yatakuwa mepesi mkishaongea hili kwanza. Pengine pia atakuwa na hasira. Amebeba siri isiyo yake, ana haki nayo.

Pikipiki ndiyo ngumu, sitajifanya ni rahisi. Ukirudi Jumatatu unaulinda mkataba. Unachohatarisha ni kupanda chombo kinachotetemeka kutwa, tangi mbele, abiria anakusukuma kwa nyuma, na breki moja ya ghafla. Damu ikivuja ndani au mshono ukiachia, wiki zako tatu zitarudi mwanzo na Jumatatu nyingine utakuwa wodini. Kwa kawaida pikipiki na mizigo mizito navyo husubiri zile wiki 4 hadi 6. Njia nyingine ni kumwambia mwenye chombo kwamba ulipasuliwa, bila kutaja wapi. Daktari anaweza kukuandikia cheti cha mapumziko, na unaweza kumwomba aandike upasuaji tu. Hatari yake ni kwamba malaria alishaanza kuitilia shaka, atajiuliza ulimficha nini kingine. Unaweza pia kupendekeza deiwaka amtumie yeye hesabu moja kwa moja kwa simu, na zile siku mbili ziongezwe mwisho wa mkataba. Hilo linampa utulivu. Linaweza pia kumzoesha deiwaka, na wewe ukaonekana huna kazi. Kitu kimoja nataka ukitafute leo kabla ya kumpigia: mkataba wenyewe. Umeandikwa? Mlitia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa? Unasemaje kuhusu ugonjwa? Mkataba ukianza upya anayefaidika ni yeye, kwa hiyo tishio lake usilipuuze, lakini pia usilichukulie kama hukumu kabla ya kusoma karatasi. Na mfuko wa jamii wa kikoba, nao nadhani unatosheka na neno upasuaji. Mkeo amwulize katibu wao wanadai maelezo gani. Huenda umekuwa ukiilinda siri ambayo hakuna mtu angeidai.

Kijiweni sina la kukushauri isipokuwa swali. Miaka yote hiyo ulikaa kiupande na sweta juu ya tangi, na wale ni vijana wenye macho makali kuliko polisi wa barabarani. Una hakika hawajui?

Twende kwa mama mkwe. Kumkimbia kwenda Pangani ni kupanda basi na jeraha, na ni kumwacha mkeo amweleze mama yake kwa nini mgonjwa aliyefuatwa kutoka Lushoto hayupo. Ukibaki, nafikiri umesahau kwamba heshima ya ukwe inafanya kazi pande zote mbili. Mama wa Kisambaa hatamwuliza mkwe wake mwanamume amepasuliwa sehemu gani, atakupa pole akiwa amekaa mbali, atauliza kama unakula, basi. Atakayeulizwa ni binti yake, jikoni, usiku. Kwa hiyo swali lililoko kati yako na mkeo ni dogo kuliko mlivyolifanya: yeye aruhusiwe kumwambia mama yake nini? Mnaweza kuendelea na ngiri. Itapita wikiendi hii, ila shemeji yeyote aliyepasuliwa ngiri anajua mshono wake uko kinenani, na stori za wagonjwa huko ukweni hazina siri. Mnaweza kubaki na upasuaji wa sehemu za chini, bila jina, mkaacha heshima ifunike yaliyobaki. Au unamruhusu aseme ukweli kwa mama peke yake, wewe ukiwa hupo chumbani. Hapo utakuwa umetoa kitu ambacho huwezi kukirudisha, na huwezi kumzuia mama asimwambie mumewe kitandani. Lakini huyo mama ana binti pwani na wajukuu wanaokua pwani. Akijua ni mbu, anaweza kuwa wa kwanza kuuliza kama watoto wamemeza kingatiba. Anaweza pia kucheka. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Na kaka yako. Unaona ukimwonyesha uvimbe umemfungia njia. Mimi najiuliza kama hujageuza kinyume. Ukimficha mpaka upone kabisa, naye siku moja apasuliwe, wiki ya tatu atauona uvimbe uleule, atadhani ameharibiwa, na atamtafuta mtu wa Muheza. Unaweza kumwambia kila kitu jinsi kilivyo, na lile la jogoo, maana ndilo analolisubiri. Hatari ni kwamba atasikia neno uvimbe tu na kufunga masikio. Ndiyo maana nimewaza kitu kingine, ukipenda uchukue, usipopenda uache. Mwombe aje Tanga akusindikize kliniki. Amsikie daktari kwa masikio yake, aulize la uanaume mwenyewe. Na pale getini, vijana wa kijiwe wakiwaona, watakayemdhania mgonjwa ni yeye. Si haki sana kwake, kwa hiyo mwambie hilo kabla hajapanda basi. Kama ni mtu wa utani, atacheka na atakuja. Akikataa, mkeo atangulie kukuchukulia namba, wewe uingie foleni ikishasogea.

Niandikie ukishaonana na daktari.

Mama Mshauri